SOMO: Jinsi ya kukokotoa umbali na muda wa safari ya ndege (mfano: Nairobi hadi New York)

Wakuu, habari za saa hizi. Mtu akipata safari ya mbali maswali huwa yale yale: ni kilomita ngapi, nitakaa angani muda gani, na nitatua saa ngapi za huko. Majibu nayo hugongana. Mmoja anasema saa 15, mwingine anasema 14, wa tatu kaitazama tiketi anaapa ni saa 7. Wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli. Ukimaliza somo hili utaweza kukaa mezani na kikokotoo ukapata majibu yako mwenyewe, bila kumuuliza wakala.

Nitatumia safari moja toka mwanzo hadi mwisho: uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi (NBO) kwenda John F. Kennedy, New York (JFK). Nimeichagua kwa sababu ina ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways waliianzisha tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787-8, na kwa sababu njia yake inapita mahali ambapo wengi hawapategemei. Hesabu ni ile ile kwa viwanja vyovyote viwili utakavyovitaka.

Unahitaji karatasi, kalamu na kikokotoo chenye vitufe vya sin na cos. Cha kwenye simu kinatosha. Simu nyingi ukiilaza ubavu vitufe hivyo vinajitokeza.

HATUA YA 1: Pata latitudo na longitudo

Ziko kwenye ramani yoyote ya intaneti, bonyeza uwanja na usome namba.

NBO: 1.32 Kusini, 36.93 Mashariki
JFK: 40.64 Kaskazini, 73.78 Magharibi

Kusini na Magharibi tunaweka alama ya kutoa. Kwa hiyo NBO ni (−1.32, 36.93) na JFK ni (40.64, −73.78). Tofauti ya longitudo: 36.93 − (−73.78) = 110.71. Kutoa mara kutoa ni kujumlisha, wale wa darasa la saba mnakumbuka.

Angalizo moja tu hapa. Vyanzo vingine vinaandika digrii na dakika, mfano 1°19′. Hiyo siyo 1.19. Dakika 19 unazigawa kwa 60, unapata 0.32, ndiyo 1.32 yetu.

HATUA YA 2: Kokotoa pembe

Kanuni ni hii, na D ndiyo pembe tunayoitafuta, yaani jinsi viwanja viwili vilivyoachana ukiviangalia kutoka kitovu cha dunia:

cos D = sin(lat ya 1) × sin(lat ya 2) + cos(lat ya 1) × cos(lat ya 2) × cos(tofauti ya longitudo)

Kabla hujagusa kitu, hakikisha kikokotoo kimeandika DEG na si RAD. Kikiwa kwenye RAD utapata jibu la ajabu na utailaumu kanuni bure.

sin(−1.32) × sin(40.64) = −0.0230 × 0.6513 = −0.0150
cos(−1.32) × cos(40.64) × cos(110.71) = 0.9997 × 0.7588 × (−0.3536) = −0.2683
Jumla: −0.2833

Sasa bonyeza cos⁻¹ ya −0.2833. Unapata digrii 106.46.

Hapa pana njia ya haraka ya kujikagua. Jumla ikitoka hasi, pembe imezidi digrii 90, maana yake viwanja vimeachana zaidi ya kilomita 10,000. Ikitoka chanya, ni chini ya hapo. Ukiona umekokotoa Nairobi na Kampala halafu jumla ni hasi, rudi mwanzo.

HATUA YA 3: Geuza pembe kuwa kilomita

Digrii moja juu ya uso wa dunia ni kama kilomita 111.2. Kwa hiyo 106.46 × 111.2 = 11,838. Dunia si mviringo kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, hivyo usigombanie kilomita mbili tatu. Sema 11,840.

Kwa maili za Wamarekani gawa kwa 1.609, unapata kama 7,360. Kwa maili za baharini, ambazo ndizo marubani wanazitumia, gawa kwa 1.852, unapata kama 6,390. Ukikuta mtu kaandika 6,390 na mwingine 11,840 kwa safari hii hii, wanasema kitu kimoja, ila mmoja hakutaja kipimo.

Wasiopenda sin na cos: chukua tufe la dunia, lile la shuleni, nyosha uzi kati ya miji miwili, upime uzi kwa rula. Tufe lenye kipenyo cha sentimita 30, kila sentimita ya uzi ni takriban kilomita 425. Uzi wa Nairobi na New York utatoka karibu sentimita 28. Zidisha uone.

HATUA YA 4: Ndege inapita wapi hasa?

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua ramani ya ukutani uweke rula kutoka Nairobi hadi New York. Rula itapita Kamerun, Nigeria, Burkina Faso, Mauritania, halafu Atlantiki. Huo mstari unaonekana mfupi kwa sababu karatasi imelazwa bapa. Juu ya tufe njia fupi ni nyingine kabisa, inaitwa duara kuu, na ndiyo uzi wako ulioinyosha.

Kwa safari yetu duara kuu linaanza Nairobi likielekea kaskazini-magharibi, digrii 312 za dira. Linapita jirani na Mlima Elgon, linaingia Sudan Kusini, linagusa mpaka wa Sudan na Jamhuri ya Afrika ya Kati, kisha Chad, Niger na jangwa la Algeria. Linatokea Moroko karibu kabisa na Marrakesh. Baada ya hapo ni bahari, likipita jirani na visiwa vya Azores vya Ureno, na linapanda mpaka latitudo 42 Kaskazini, juu kuliko New York yenyewe, ndipo linaanza kushuka. Yaani abiria anayekwenda Marekani kutoka Nairobi anatumia karibu nusu ya safari juu ya Afrika, na sehemu kubwa ya hiyo ni Sahara. Ukiamka usiku ukaangalia dirishani ukaona giza tupu bila taa hata moja, usidhani ni bahari.

Ukiamua kushika dira moja bila kuigeuza njia nzima, utasafiri kama kilomita 12,190. Umejiongezea 350 bure.

Lakini ndege haifuati duara kuu kama treni inavyofuata reli. Kuna njia za anga zilizopangwa, kuna mawingu makubwa ya radi karibu na ikweta yanayozungukwa, na kuna siasa. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga lake lilifungwa. Agosti 6 mwaka huo huo, baada ya mapinduzi, Niger nayo ikafunga anga lake, ikalifungua Septemba 4. Angalia tena orodha ya nchi hapo juu uone njia yetu ilivyobanwa pande mbili ndani ya mwaka mmoja. Pamoja na hayo, wapanga safari za ndege hutazama upepo wa siku hiyo; wakati mwingine njia ndefu kidogo inafika mapema.

Kwa hesabu za nyumbani, ongeza asilimia 5 juu ya umbali. 11,840 × 1.05 = takriban 12,430. Hiyo ndiyo tutakayoitumia.

HATUA YA 5: Kutoka kilomita kwenda saa

Boeing 787 ikishatulia juu inakwenda karibu kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa. Neno ni hilo: ndani ya hewa. Hewa yenyewe nayo inasogea.

Kwenye latitudo za katikati, urefu wa kilomita 9 hadi 12, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Katikati ya mkondo huo kasi inaweza kupita kilomita 200 kwa saa, na wakati wa baridi ya kaskazini ndipo unapokuwa mkali. Ukienda Marekani unaupokea usoni. Ukirudi unakusukuma mgongoni. Juu ya Afrika ya kati upepo huo haupo kwa nguvu hiyo, kwa hiyo usiukate kwenye safari nzima. Kwa wastani toa kama kilomita 40 kwa saa ukienda, ongeza 40 ukirudi.

Kwenda: 12,430 ÷ 860 = 14.45, yaani saa 14 na dakika 27.
Kurudi: 12,430 ÷ 940 = 13.22, yaani saa 13 na dakika 13.

Muda wa kwenye tiketi hauhesabiwi kutoka magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inaposogea kutoka mahali ilipoegeshwa na unaisha inapoegeshwa upande wa pili. Kwa hiyo ongeza nusu saa ya kutambaa ardhini, kupanda taratibu na kushuka taratibu. Kwenda inakuwa karibu saa 15, kurudi karibu saa 14. Shirika lilipoitangaza safari hii lilitaja saa 15 na 14. Kikokotoo cha simu hakijafanya vibaya.

Kwa haraka, bila upepo wala nini: gawa kilomita za duara kuu kwa 850, ongeza nusu saa. Hapa inatoa 14.4, katikati ya zile mbili. Inatosha kwa mazungumzo ya kijiweni.

HATUA YA 6: Saa za ukutani, ndipo wengi wanapokwama

Tuseme tiketi imeandika: NBO 23:25, JFK 06:25 (+1).

Ukitoa bila kufikiri unapata saa 7. Huyo ndiye rafiki yetu wa tatu. Kila muda kwenye tiketi ni wa mahali pale unapotajwa, kuondoka kwa saa za Nairobi na kutua kwa saa za New York. Kenya, Tanzania na Uganda tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia (UTC), mwaka mzima. New York wako saa 5 nyuma wakati wa baridi na saa 4 nyuma wakati wa kiangazi, maana wao wanasogeza saa zao: mbele Jumapili ya pili ya Machi, nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo tunawazidi saa 8 au saa 7 kutegemea msimu.

Geuza vyote viwe saa za Nairobi. Ni wakati wa baridi: 06:25 + 8 = 14:25. Kutoka 23:25 hadi 14:25 ya kesho yake ni saa 15 kamili. Hiyo (+1) maana yake tarehe imesogea siku moja.

Kurudi: JFK 12:25, NBO 10:25 (+1). 12:25 + 8 = 20:25 za Nairobi. Kutoka hapo hadi 10:25 asubuhi ni saa 14. Ukiangalia tiketi kijuujuu utadhani umekaa angani saa 22.

Halafu kuna jambo letu sisi. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza na kuzama. 23:25 ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. 06:25 ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi. Sasa mtu anasoma tiketi ya mgeni wake harakaharaka, anampigia ndugu yake aliyeko New York: "Mpokee saa sita na dakika ishirini na tano." Ndugu anajua saa sita ni saa sita, anajipanga kwenda mchana. Mgeni ameshatua tangu alfajiri, anakaa na mabegi yake kwenye benchi nusu siku. Ukituma muda, tuma kwa tarakimu kama ulivyo kwenye tiketi, au taja asubuhi, mchana, usiku. Usichanganye nusu huku nusu kule.

Mbaya zaidi ni ndege za baada ya usiku wa manane. Tiketi ikiandika Jumatano 00:40, hiyo ni usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano. Unatakiwa uwe uwanjani Jumanne saa tatu na nusu usiku. Anayejitokeza Jumatano usiku anakuta ndege yake ilishaondoka zamani, na tiketi nyingi za bei nafuu hazina huruma kwa hilo.

HATUA YA 7: Ukiunganisha ndege

Kokotoa kila kipande peke yake, jumlisha, halafu ongeza muda wa kusubiri. Nairobi hadi Amsterdam ni kama kilomita 6,680, Amsterdam hadi JFK 5,850, jumla 12,530. Kupitia Doha ni 3,350 na 10,770, jumla 14,120. Doha inaongeza kilomita 2,280 juu ya duara kuu, Amsterdam 690 tu. Lakini kilomita si hoja kubwa hapa. Saa sita za kusubiri zinameza tofauti hiyo mara mbili. Linganisha muda wote kutoka kuondoka hadi kutua, kwa kugeuza kuwa saa za nyumbani kama hatua ya 6, usilinganishe ramani.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mombasa: Asante kwa somo mkuu. Swali la kijinga pengine: dunia inazunguka kwenda mashariki. Ndege ikienda magharibi si New York inaifuata yenyewe? Kwa nini isifike mapema?

Jibu: Si la kijinga, kila darasa lina mtu anayeliuliza. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege iko ndani ya hewa. Inzi aliyeingia basi la Mombasa pale Nairobi anaruka mbele na nyuma ndani ya basi, lakini habaki Mtito Andei kwa sababu tu hajakanyaga sakafu. Kinachobadilisha muda ni hewa inaposogea kwa kasi tofauti na ardhi iliyo chini yake, na huo ndio upepo. Ndiyo maana magharibi ni polepole zaidi, kinyume cha ulivyowaza.

Mdau wa Dar: Mimi naanzia Dar es Salaam. Nikipita Nairobi si narudi nyuma sana? Ingekuwepo ndege ya moja kwa moja ningeokoa kiasi gani?

Jibu: Ungeokoa kidogo mno, ndugu yangu. Dar hadi JFK kwa duara kuu ni kama kilomita 12,440. Dar hadi Nairobi ni 670, ukijumlisha na 11,840 unapata 12,510. Tofauti ni kilomita 70, mwendo wa dakika tano angani. Nairobi imekaa karibu juu ya mstari wenyewe. Unachopoteza ni muda wa kusubiri Nairobi, huo ndio wa kuuangalia ukinunua tiketi.

Mdau wa Eldoret: Kwa nini ndege kubwa za mbali zinapenda kuondoka Nairobi usiku?

Jibu: Sababu ya kwanza ni ratiba, ufike asubuhi uwahi shughuli au ndege nyingine. Ya pili ni ya fizikia. Jomo Kenyatta iko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likiwaka inazidi kuwa nyepesi. Mabawa yanahitaji kasi zaidi ili kubeba uzito ule ule, injini nazo zinapungukiwa. Uwanja una njia ya kurukia yenye zaidi ya kilomita 4, inasaidia, lakini ubaridi wa usiku unasaidia vilevile. Kumbuka uzito unaozungumziwa: safari hii ilipotangazwa zilitajwa tani 85 za mafuta kwa kila upande, marubani 4 na wahudumu 12. Boeing 787-8 ikijazwa mpaka kikomo chake cha kurukia ina kama tani 228. Zaidi ya theluthi ya uzito ni mafuta tu. Ndege ya kwenda Entebbe haina shida hii, inaruka adhuhuri bila wasiwasi.

Mdau wa Muscat: Assalaam alaykum. Sisi huku Oman tuna jamaa Unguja, tunapishana kila mwaka. Tiketi inaonyesha kwenda na kurudi muda tofauti karibu saa mbili. Ni upepo huo huo?

Jibu: Waalaykum salaam. Hapana, hapo upepo hauna lawama kubwa kwa sababu njia inaelekea zaidi kaskazini na kusini. Zanzibar hadi Muscat ni kama kilomita 3,900, na kwa kanuni yetu ni muda wa saa 5 na ushee kila upande. Oman iko saa moja mbele ya Zanzibar. Ukitoka Unguja unaongezewa saa moja kwenye tiketi, inaonekana ni 6 na ushee. Ukirudi unapunguziwa, inaonekana ni 4 na ushee. Tofauti yenu ya saa mbili ni ya saa za ukutani. Angani mnakaa muda karibu ule ule.

Mdau wa Lubumbashi: Na ndani ya nchi moja inawezekana jambo hili? Mimi kutoka Lubumbashi kwenda Kinshasa naona nafika haraka kuliko kurudi.

Jibu: Kongo ina kanda mbili za saa. Lubumbashi mko saa 2 mbele ya UTC, Kinshasa saa 1. Umbali ni kama kilomita 1,550. Ukiondoka 10:00 na kutua 11:20, umekaa njiani saa 2 na dakika 20. Ukirudi ukaondoka 13:00, utatua 16:20. Muda ni ule ule kabisa.

Mdau wa New Jersey: Shikamoo mwalimu. Mama yangu mzee anakuja peke yake mara ya kwanza, tiketi inasema anatua 06:25. Niwe uwanjani saa ngapi? Na hajui Kiingereza sana.

Jibu: Marahaba. Hiyo 06:25 ni ndege kuegesha. Bado kuna uhamiaji, mabegi na forodha. Panga saa moja na nusu hadi mbili, lakini wewe fika mapema, mzee asikukose. Fanya mambo mawili leo. Kwanza, omba kiti cha magurudumu kupitia shirika la ndege hata kama anatembea vizuri. Hakina malipo, na kinakuja na mtu wa kumsukuma mpaka mlangoni, kwa hiyo hapotei. Pili, soma herufi tatu za kiwanja kwenye tiketi yake. Wewe uko New Jersey, na upande wako kuna uwanja wa Newark, EWR. JFK iko ng'ambo ya pili, kama kilomita 33 kwa mstari ulionyooka lakini kwa gari asubuhi ya siku ya kazi unapita katikati ya msongamano wa jiji zima. Ikiwa ni JFK, toka nyumbani mapema kuliko unavyodhani.

Mdau wa Tanga: Kwa tuliofunga Ramadhani, ukisafiri kwenda huko jua linazama saa ngapi?

Jibu: Hukumu waulize masheikh, mimi nina hesabu tu. Ukirudi kutoka New York mchana unakimbilia mashariki, usiku unakuja mbio kukukuta. Ukiondoka saa sita na nusu mchana mwezi wa Februari au Machi, jua litazama baada ya muda wa kama saa 3 hivi, mapema sana. Ukienda, ni kinyume chake. Ile ndege ya saa tano usiku inakimbizana na usiku; mwezi Desemba, kutoka machweo ya Nairobi hadi macheo ya New York ni karibu saa 21 za giza mfululizo. Hapo daku unaweza kula mara mbili.

Mdau wa Kigali: Hii ndiyo safari ndefu kuliko zote?

Jibu: Hata kidogo. Singapore hadi JFK ni kama kilomita 15,300, zaidi ya saa 18 angani.

Mdau wa Arusha: Tafadhali mkuu, weka kanuni ya Excel, mimi nakokotoa njia nyingi za ofisini.

Jibu: Latitudo weka A1 na A2, longitudo weka B1 na B2, kisha bandika hii kwenye seli yoyote:

=ACOS(SIN(RADIANS(A1))*SIN(RADIANS(A2))+COS(RADIANS(A1))*COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(B2-B1)))*6371

6371 ni nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Ijaribu kwanza kwa namba za NBO na JFK hapo juu. Ikikupa 11,837 iko sawa. Ikikupa kitu kingine, kagua kama hujasahau alama ya kutoa kwenye 1.32 na 73.78, na kama kompyuta yako inatumia mkato badala ya nukta kwenye desimali.